Mfuko wa Makumbi Niliokutumia

Palma, mtaa wa chini, nyuma ya msikiti
6 Aprili 2013

Mpendwa mwanangu Wahida,

Assalaam aleikum. Nakusalimu wewe, namsalimu na huyo aliye tumboni ambaye bado hatujaonana. Miguu inavimba bado? Usingizi unaupata? Mimba ilipoanza ulikuwa hutaki hata harufu ya samaki, nami nikacheka sana, binti wa Palma kukimbia samaki. Natumai sasa unakula. Na Rafique hajambo? Mwambie namwombea dua kila siku na kazi yake ya bandarini, Mungu amwepushe na yale makontena.

Sisi huku hatujambo. Baba yako mkubwa Bashiru mgongo unamsumbua, lakini mdomo wake mzima, analalamika kuanzia alfajiri. Mama yako Atija alikuja wiki iliyopita kutoka Nhica na mpunga mpya, akakaa siku mbili. Anasema mto umejaa na ngedere wamemaliza mahindi. Aliniuliza habari zako nikamwambia uko salama. Haya ninayokuandikia sikumwambia.

Palma hutaitambua ukija. Kila mwenye chumba anakipaka chokaa apate kumpangisha mgeni wa kampuni ya gesi. Kila wiki tunaitwa mkutanoni kuambiwa habari za ardhi, tunarudi na chupa moja moja ya maji na hatujaelewa kitu. Mvua haijakata. Magari yao makubwa yanakwama kwenye tope la barabara ya Mocímboa sawasawa na chapa zetu za abiria, na hilo, Mungu anisamehe, limetufurahisha kidogo.

Utashangaa pia kuona mwandiko mgeni. Ulilalamika kwamba barua zangu za herufi za Kiarabu zinakutoa jasho, na kwamba huko Pemba, mtaani kwenu Paquitequete, huna wa kukusomea ila shehe, na mambo ya kike hayapelekwi kwa shehe. Basi safari hii nimemwomba mtu aniandikie kwa herufi za shule. Ni nani, nitakuambia mbele.

Wahida, nimezunguka vya kutosha. Naandika kwa sababu ya ule mfuko.

Mfuko niliokutumia mwezi wa pili kwa mkono wa Cadija, wenye makumbi ya nazi, chupa ya maji ya bahari na kipande cha mti wa msiro, usiuguse tena. Makumbi choma moto. Maji mwaga. Msiro ukipenda saga ujipake usoni kama tunavyojipaka siku zote, huko hauna kosa, lakini usifike kifuani. Na usimpe jirani. Najua una moyo wa kugawa, hiki usigawe.

Nilikuambia uuweke mpaka mimba itimize miezi saba. Nilikuwa nahesabu. Jumatatu nilipoona miezi saba imetimia nikakupigia simu, ukaniambia umeshaanza, siku ya nne, kunawasha kidogo ila unavumilia. Neno hilo la kuvumilia ndilo lililonitisha. Nikakuambia pumzika kwanza, usubiri barua yangu. Ukauliza kwa nini. Nikasema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri, Wahida. Nilikuwa nakusikia mpaka unavyopumua. Nililikimbia swali lako, mimi niliyekufunda.

Sasa nalijibu, ingawa naona aibu ya kutosha kunifukia.

Unajua Zuleica, mke wa Hamido wangu, alikuwa mjamzito kabla yako. Unajua pia desturi yetu, kwamba mkwe haoni kifua cha mkamwana. Kazi hiyo ni ya somo wake, yule aliyemfunda unyagoni. Somo wa Zuleica yuko Mocímboa, na Zuleica alikuwa anafua nguo huko kambini kwa wageni wa gesi, hana nafasi ya kusafiri. Mimba ilipotimiza miezi saba ilinipasa nimtafutie mwanamke mwingine hapa mtaani aingie naye chumbani, amwangalie, amwelekeze. Wapo watatu, wanne. Sikuwaita. Niliona hakuna ajuaye kama mimi. Nimefunda mabinti wa nyumba ngapi hapa Palma, wewe mwenyewe ukiwa mmoja wao, ndipo nimwite mtu wa kunifundishia ndani ya nyumba yangu?

Na palikuwa na kiburi kingine juu ya hicho. Tangu fedha za gesi ziingie, maziwa ya kopo yamekuwa kama pete ya dhahabu. Mwanamke anajifungua leo, kesho kopo liko dirishani watu walione. Mimi nilisema mbele ya wanawake wa mtaa huu kwamba katika nyumba yangu kopo halitaingia. Zuleica alitaka kurudi kazini mapema, nami nikajiapiza kwamba matiti yake yatakuwa imara hata akirudi amechoka mtoto atanyonya tu.

Basi nikamfunda nyuma ya pazia. Ndiyo, Wahida. Mimi upande huu, yeye upande ule. Kumbi nimelilowesha usiku kucha kwenye maji ya bahari, msiro nimeusaga mzito, namkabidhi kwa kupenyeza mkono bila kutazama, kwa heshima. Kila alasiri akitoka kazini. Namwambia zungusha chuchu mpaka ngozi ipate moto, kisha paka msiro, subiri ukauke, uutoe kwa kumbi lile lile. Nikisikia mkono unalegea, nasema ongeza. Nikasema chuchu laini italiwa na mtoto. Alikuwa anavuta hewa kwa meno. Nilimsikia. Nikajua ni ile ile sauti niliyotoa mimi somo wangu, marehemu Bi Haula, aliponisugua, na nikafurahi, nikaona kazi inaingia.

Wiki sita tulifanya hivyo, na sikuona kitu. Desturi ilinikataza kuona, nami desturi hiyo niliishika barabara. Ile nyingine, ya kumwita mtu wa kuona kwa niaba yangu, niliiacha. Nilichagua upande uliokuwa unanipendeza.

Uchungu ulimjia wiki tatu kabla ya siku zake. Mtoto wa kiume, mdogo, lakini mzima, wakamwita Abdulatifu. Kila akishika titi mama yake anajipinda mpaka kichwa kinagonga ukuta. Mimi nje ya pazia nasema vumilia, ndio ukubwa huo. Mtoto akawa analia, analala, analia tena kwa sauti ndogo zaidi. Siku ya nane Zuleica akashikwa na homa ya kutetemeka, na mtoto nilipompokea nikaona amekuwa mwepesi kuliko siku aliyozaliwa. Hapo hata mimi niliogopa. Hamido alikuwa safarini Pemba na gari la kambi analoendesha. Nikamfunga mtoto kifuani kwangu, nikamshika Zuleica mkono, tukapanda pikipiki mbili mpaka hospitali.

Nesi wa pale anaitwa Felismina, binti wa Nampula, umri wake haukupiti wewe sana. Akamvua Zuleica kanga. Nilikuwa nimesimama palepale na kikapu, sikuwahi kugeuka.

Sitakueleza yote, una mimba. Nitasema tu kwamba chuchu zilikuwa na mipasuko iliyokwisha kuoza pembeni, vidonda vya zamani juu ya vipya, na titi la kushoto limevimba, jekundu, na jipu ndani. Wiki sita za alasiri zangu zilikuwa zimeandikwa pale.

Felismina akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

“Nani amemfanyia huyu hivi?”

Zuleica, na homa yake ile, akajibu kabla sijafungua mdomo.

“Mwenyewe, dona. Nilijisugua mwenyewe.”

Na mimi nilinyamaza.

Nimemzaa Hamido, nimezika wazazi wawili, nimepita njaa na vita, sikumbuki siku niliyojiona mdogo kama ile. Binti wa watu analinda heshima yangu huku anatetemeka kwa homa, nami naiacha ilindwe. Nesi akamkaripia. Akamwambia hana akili, anasikiliza redio gani, mtoto angekufa. Nimesimama na kikapu.

Titi likapasuliwa jipu. Siku tano walilala pale. Yale maziwa ya kopo niliyoapa hayataingia nyumbani kwangu, niliyanunua mwenyewe, nikayaficha ndani ya kanga njiani nisikutane na mtu. Felismina akamfundisha Zuleica kukamua titi la kulia kwa mkono na kumnywesha mtoto kwa kikombe kidogo, tone kwa tone, mpaka vidonda vikaanza kufunga. Nilimtazama yule msichana anavyomshika mwenzake taratibu, kama anayeshika yai, nikakumbuka mimi nilivyokuwa nasema ongeza.

Hiyo bado si aibu yote.

Wanawake wa mtaa walipokuja kumtazama mzazi, wakauliza imekuwaje. Nikasema wasichana wa siku hizi hawasikii wanachoambiwa. Nilisema hivyo, Wahida, na pazia liko wazi, na yeye yumo ndani. Hamido aliporudi nikamwambia maneno hayo hayo kwa namna nyingine. Yeye akakasirika, akasema mkewe kazi ya kambini imemtoa akili, karibu amuulie mtoto. Kazi yenyewe imekwenda, nafasi yake amepewa mwingine. Tangu siku hiyo Hamido anamsemesha kwa lazima tu. Na wiki iliyopita, tumekaa kwenye chakula, akasema mvua zikiisha atamrudisha Mocímboa kwao, akafundwe upya.

Akafundwe upya. Aliyemfunda ameketi mbele yake, anakula wali.

Usiku ule sikusema, na kesho yake sikusema. Kila nikifungua mdomo unatoka upuuzi wa bei ya sukari. Ndipo nikakumbuka kwamba kumbi liko na kwako.

Nilirudi kwa Felismina peke yangu, nikajifanya naulizia kwa ajili ya mtoto wa mdogo wangu, na kweli wewe ni mtoto wa mdogo wangu. Nadhani alinielewa, maana alinitazama kwa muda kisha akanikalisha. Nakuandikia aliyoniambia, uyashike kuliko yale yangu. Anasema kifua cha mjamzito kinajitayarisha chenyewe. Kinavyokua, kinavyokuwa cheusi, vile vipele vidogo vinavyotokea kuzunguka chuchu, hiyo ndiyo kazi inafanyika, na vipele hivyo vinatoa mafuta yao ya kulainisha ngozi. Sisi tunayasugua mafuta hayo tunayatoa, halafu tunashangaa ngozi inapasuka. Oga kwa maji, basi, hata sabuni usiipeleke pale. Usivute chuchu wala kukamua, maana kuvutavuta kunaweza kuamsha uchungu kabla ya wakati. Nikamuuliza kama ndivyo alivyokuja Abdulatifu. Akasema inawezekana, na inawezekana siyo, ajuaye ni Mungu. Nilitamani angesema siyo.

Nikamuuliza na habari ya chuchu fupi, najua wewe unazo na zinakutia wasiwasi. Akacheka. Anasema mtoto hanyonyi chuchu, ananyonya titi. Aachame kweli, ashike na ile sehemu nyeusi, na ukisikia maumivu makali ujue ameshika vibaya, mtoe umweke tena. Maumivu si ukubwa. Hilo nilimwomba alirudie. Na yale maziwa ya kwanza ya njano, dang'a, tuliyokuwa tunayakamua chini tukiyaita machafu, mpe mtoto yote, saa ile ile anapozaliwa. Vaa sidiria isiyobana, kula vizuri, na kama ngozi imeshachubuka kwa siku zile nne, nenda hospitali ya hapo Pemba ukaonyeshe. Usione haya. Haya nimeona mimi kwa niaba yetu sote.

Njiani nikirudi nilikumbuka jambo nililokuwa nimelisahau kwa miaka thelathini. Nilipomzaa Hamido nilikuwa na kanga moja ya bluu, nikiiuma kila akinyonya mpaka pindo likatoboka. Baadaye niliikata vitambaa. Sikuwahi kujiuliza kwa nini nilikuwa naiuma. Nilipona, nikaona kupona kwangu ni ushahidi wa kumbi.

Sasa nikuambie habari ya mwandiko.

Ni wa Zuleica. Darasa la saba alimaliza, na hati yake unaiona mwenyewe, nzuri. Nilijaribu siku tatu kumkabili nikashindwa, basi leo baada ya adhuhuri nikamwambia nataka kumwandikia Wahida, aniandikie. Tumekaa kama tulivyokuwa tunakaa, mimi upande huu wa pazia, yeye upande ule, Abdulatifu yuko kifuani kwake. Nilianza na miguu yako na samaki na tope la barabara, akawa anaandika upesi, nikamsikia hata akicheka kwa habari ya magari kukwama. Nilipotaja mfuko, akaacha kucheka. Nilipotaja pazia, kalamu ikawa inakwenda polepole. Nikaendelea kwa kuwa nikisimama nisingeanza tena.

Tulipofika pale kwa nesi, kalamu ilisimama kabisa. Nikasikia mtoto akinyonya, nikasikia kuku nje. Kisha akasema kutoka nyuma ya pazia, kwa upole:

“Mama, hapa badala ya ‘nilinyamaza’ nimeandika ‘nilisahau kusema’. Niendelee?”

Rudi nyuma utazame, Wahida. Kuna mahali neno limekatwa na juu yake limeandikwa jingine. Binti huyu alitaka kunisitiri mara ya pili, kwa kalamu. Nikamwambia afute, aandike nilinyamaza.

Akaandika. Sikumwomba msamaha wakati ule, maana ningelia na barua isingekwisha. Namwomba sasa, na yeye ndiye anayeyaandika maneno haya kwa mkono wake: Zuleica, mwanangu, nisamehe. Ulifanya nilivyokuamuru. Kosa ni langu, la kumbi na la mdomo, na lile la mdomo ndilo baya zaidi.

Sasa amefungua pazia, amenipa Abdulatifu nimcheulishe, amesema mkono umechoka na bado kuna salamu. Mtoto ni mzito, alhamdulillahi. Titi la kushoto limeanza kutoa tena kidogo.

Basi salamu. Baba yako mkubwa anakusalimu na kukuomba mafuta ya mgongo ya pale sokoni kwenu. Msalimie Rafique, msalimie Cadija na umwambie ule mfuko alioubeba ulikuwa wangu, yeye hana lawama. Mama yako akija tena nitamweleza mwenyewe. Na kama hapo mtaani kuna msichana mwingine anayesugua, mwambie somo wako wa Palma amesema aache, na kama hataki kuamini mwambie na sababu. Usinifichie kosa langu.

Mwenyezi Mungu akufungue salama, akupe mtoto mwenye kinywa kikubwa, akujalie umnyonyeshe bila kuuma kanga. Akifika, mwandikie Zuleica, siyo mimi. Yeye ndiye atakayekujibu yanayofaa.

Barua hii anakuletea Hamido, Jumatatu anashuka Pemba na gari la kambi. Najua ni aibu kijana wa kiume kusoma mambo ya kifua aliyoyasema mama yake. Na aione, tugawane. Zuleica ameniuliza sasa hivi kama afunge bahasha. Nimemwambia aiache wazi, na nitamkabidhi Hamido mwenyewe, mkononi, nimwambie asome kabla hajawasha gari.

Mama yako mkubwa, wako akupendaye,

Mwanaasha

(kwa mkono wa Zuleica)